Vazi la Bibi Setsu

Masika ni fundi cherehani wa Doornfontein, Johannesburg, na akikushonea gauni likakubana, basi wewe ndiye uliyenenepa. Usibishane naye. Tangu aondoke kwao Butembo hajawahi kurudishiwa nguo, na hilo atakwambia hata kama hukumuuliza. Ndiyo maana Jumamosi ile ya Februari alikwenda kifua mbele kwenye sherehe ya kiangazi ya Wajapani.

Ilifanyika kwenye uwanja wa shule moja, huko kaskazini mwa jiji. Taa za karatasi zilining'inia kwenye kamba, ngisi wanachomwa, na katikati limesimamishwa jukwaa la mbao lenye ngoma kubwa. Ngoma ikianza, watu hulizunguka wakicheza. Aliyemwalika ni Emiko, msichana wa Kijapani aliyezaliwa hapahapa Johannesburg. Bibi yake, Bibi Setsu, alikuwa mgonjwa, na daktari alishawaambia wasitegemee kiangazi kingine. Bibi akataka kitu kimoja tu: acheze kwa mara ya mwisho. Lakini mikono ilikuwa ikimtetemeka, hawezi tena kufunga mikanda ya yukata, lile joho jepesi wanalovaa Wajapani wakati wa joto. Basi Emiko akampelekea Masika kitambaa, akamwomba ashone la kufungwa kwa vifungo vya kubonyeza. Likatoka vazi, mwenyewe Masika akalipiga picha.

Sasa alikuwa amesimama na kikombe cha chai, akikagua nguo za watu kama mafundi wote wanavyokagua, bila haya. Akaona kitu. Akatazama tena. Kila aliyevaa joho lile, mwanamke kwa mwanamume, upande wa kushoto ndio uliolala juu. Yeye alilaza wa kulia juu, maana ndivyo blauzi za kike zinavyofungwa tangu alipoanza kushona. Nani alimwambia vingine?

Akamwuliza mama aliyekuwa akigawa chai, kimzaha mzaha, kama kulia juu nako kunaruhusiwa. Yule mama akaacha kumimina.

"Hapana," akasema. "Hivyo tunawavalisha maiti."

Wazo la kwanza la Masika, tuseme ukweli, lilikuwa kutoroka. Teksi zipo, nani angemfuata mpaka Doornfontein? Lakini mama yake mzazi alizikwa Butembo yeye akiwa huku anahangaikia karatasi za ukimbizi, na mpaka leo hajui walimvalisha nini. Na sasa yeye kamvalisha sanda mama wa watu angali hai. Eish. Miguu ikagoma kwenda barabarani.

Angani kulikuwa kumeshaanza kuwa kweusi, yale mawingu ya Joburg ya alasiri. Mtu akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba ngoma itaanza sasa hivi, na radi ikipiga watu wote watatolewa uwanjani.

Masika akakimbilia kwenye hema la kubadilishia nguo. Bibi Setsu alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, ameshavalishwa, shali imefunika kifua, Emiko anamchana nywele. Masika akapiga magoti. "Bibi, nimekosa," akasema kwa Kiingereza chake cha kuungaunga, akaeleza kosa lote.

Chanuo likamponyoka Emiko. "Umemvalisha bibi yangu kama maiti?"

"Nililiona tangu siku ya kulijaribu," Bibi Setsu akasema polepole. "Wewe ulikuwa umefurahi mno, mjukuu wangu. Nikasema nitajifunika shali."

Na shali haikai kifuani kwa mtu anayenyanyua mikono kucheza. Masika hakusubiri kuruhusiwa. Akatoa wembe kwenye mkoba, akachomoa sindano iliyokuwa kifuani pake, isiyomtoka hata kanisani, akaanza kufumua vifungo bibi akiwa amevaa. Nje ngoma ikalia. Mbali, ngurumo ikaijibu. Uzi ukamkatikia, akautunga tena, ukamkwepa, jasho jembamba likimtoka. Bibi Setsu akamshika kiganja.

"Taratibu, mwanangu."

Kifungo cha mwisho kilipobana, kushoto juu, Emiko alikuwa tayari anasukuma kiti.

Wakamzungusha jukwaa mzunguko mmoja tu. Alicheza amekaa, mikono juu, kushoto, kulia, shali imebaki hemani, na wazee wenzake wakamwinamia kila alipopita. Kisha radi ikapasua, kila mtu akakimbia.

Chini ya hema, mvua ikipiga turubai, Bibi Setsu akamwita Masika. Akaupapasa ukingo wa kushoto wa joho lake.

"Hivi leo umelishona vizuri," akasema. "Na ulivyolishona mwanzo pia si vibaya. Siku yangu ikifika, njoo uligeuze tena, kulia juu. Sitaki mtu mwingine aniguse nguo."

Masika, anayebishana na mji mzima, aliinama, akaulaza ukosi wa bibi vizuri shingoni, ingawa ulikuwa umeshalala.

"Nitakuja, Koko," akasema, kwa jina wanalomwitia bibi kwao. "Nitakuvalisha mimi mwenyewe."