Kisu Chenye Jina la Mkwe

Magidu wa Mafubira, nje kidogo ya mji wa Jinja, Uganda, alikuwa mfua visu, na mdomo wake ulikuwa mkali kuliko chochote alichowahi kukinoa. Visu aliviuza. Mdomo aliutoa bure, asubuhi mpaka magharibi, kwa jirani, kwa imamu, kwa mteja aliyeshika kisu na kuuliza kama kitadumu. "Kitakuzika wewe na mrithi wako," angemjibu, tena bila kuinua macho kwenye tupa. Watu walimvumilia kwa sababu kisu chake kilikuwa kisu kweli, na kwa sababu mji mzima ulipenda kusikia nani katukanwa leo.

Ila waliopata matusi yake mazito ni wanajeshi. Mwaka wa sabini na tisa, jeshi moja likikimbia na jingine likiingia, lile la kwanza lilibeba visu vyake vyote, na la pili, kwa kuwa halikukuta kisu hata kimoja, likabeba mivukuto. "Wa kwanza nawaelewa," alikuwa akisema. "Mtu anakimbia, anataka kisu. Lakini mivukuto? Walikwenda kumpulizia nani?"

Sasa fikiria mwenyewe, miaka miwili baadaye mtu huyo anafungua mlango wake mchana kweupe na kumkuta koplo wa kambi ya Jinja amesimama, kofia mkononi, anataka kuposa. Koplo mwenyewe ni Yekosofati, Mgisu wa Nakaloke, karibu na Mbale, Mkristo. Anayeposwa ni Rehemah, binti pekee wa Magidu. Lo! Hakumpa hata kiti. Alimwita mwizi, akamwita kafiri, kisha akapandisha sauti ifike msikitini na kumwita govi, maana ilijulikana kambi nzima kwamba Yekosofati alikimbilia jeshini kabla kisu cha kwao hakijamfikia, wakati wenzake wa rika lake walishatahiriwa na sasa wana watoto. Majirani walitoka kusikiliza, wengine na sahani zao za chakula. "Na miguu yako ikusanye unapotoka," Magidu alimalizia, "unatembea kama bata anayetaka kutaga." Yekosofati alivaa kofia akaenda zake, na wiki hiyo hiyo Rehemah akamfuata.

Miaka saba ikapita hivyo. Mwaka wa kwanza Magidu alisema hana binti. Wa pili alisema binti anaye ila amepotea. Kufikia wa nne hakusema kitu, akawa anatuma watu waulizie Mbale kwa siri, na Mariat mkewe akajifanya hajui. Vita vilipita na kurudi na kupita tena, serikali zikabadilishana viti, Yekosofati akaliacha jeshi lililoshindwa na kuingizwa katika lile lililoshinda, na Magidu aliendelea kuwasimulia wateja hadithi ya askari govi aliyemwibia mtoto. Waliicheka kila mara. Yeye mwenyewe ikawa haimchekeshi tena, lakini angeanzia wapi kuiacha?

Mwezi wa sita wa themanini na nane ikaja barua, imeletwa na mchuuzi wa vitunguu wa Nakaloke. Aliyeiandika ni Rehemah. "Baba, mume wangu atakuwa likizo mwezi wa nane. Ukitaka kuniona, njoo upatane naye mbele ya watu wa kwao, kwa sababu ulimtukana mbele ya watu wa kwenu. Ukimwaibisha tena, usinitafute mpaka unakufa."

Magidu aliisoma mara tatu, kisha akamfokea Mariat kwamba moshi wa jikoni unamwingia machoni. Jiko lilikuwa halijawashwa.

"Mpelekee kuku, Baba Rehemah," alisema Mariat. "Watu wote wanapeleka kuku."

"Kuku ataliwa siku hiyo hiyo, na kesho yake nitakuwa tena yule mzee mpumbavu. Nitamtengenezea kisu."

"Askari ana bunduki. Kisu cha nini?"

"Bunduki ni ya serikali. Kisu kitakuwa chake."

Mariat alimwambia tena habari ya kuku siku iliyofuata, na siku ya tatu, kisha akanyamaza, kwa kuwa mwenye kichwa kama kile hata umpe kuku ishirini habadiliki.

Magidu alikwenda mwenyewe barabara ya Budondo, palipokuwa na mzoga wa lori la jeshi lililoungua, akafungua springi yake kwa nyundo na matusi. Chuma cha springi ni kikaidi, na yeye alikitaka kikaidi. Alikichoma, akakifua, akakichoma tena, kwa wiki tatu, akakataa kazi nyingine zote. Alipopata umbo alikizamisha kikiwa chekundu katika mafuta machafu ya injini, kikalia, kisha akakirudisha kwenye moto mdogo mpaka kikawa na rangi ya jani kavu la mgomba. Mpini aliufanya wa pembe ya ng'ombe wa Ankole, akaukaza kwa pini za shaba alizokata kutoka maganda ya risasi. Na kwa kuwa anayepewa ni askari, hakukipa makali upande mmoja kama kisu cha jikoni. Alikinoa pande zote mbili, akakijaribu kwa unywele wa mkono wake, unywele ukaanguka kabla hajahisi kitu.

Mwishowe, kitu ambacho hakuwahi kukifanya kwa mteja yeyote, alichukua patasi ndogo akagonga kwenye bapa, herufi baada ya herufi: YEKOSOFATI. Jina refu kama treni, liliishia karibu na ncha. Alilitazama akaona aibu, maana ilikuwa mara ya kwanza kulitaja jina hilo bila kuweka tusi mbele yake.

Agosti ikafika. Na hapa ndipo nataka kumshika Magidu masikio, kwa sababu mtu aliyezaliwa mashariki ya Uganda, akaishi hapo miaka hamsini na minne, hana udhuru. Wagisu hutahiri vijana wao mwaka mmoja, wakaruka mwaka mmoja, na themanini na nane ulikuwa mwaka wenyewe. Kijana husimama hadharani, bila ganzi, bila kushikwa, na akipepesa jicho tu ukoo mzima umeaibika. Mji wa Mbale ulikuwa unatetemeka kwa ngoma. Vijana wamepakwa unga wa ulezi, wamefunga njuga mapajani, wanacheza barabarani na mashangazi zao nyuma. Magidu alipita katikati yao na kisu kimefungwa kwenye kitambaa cheupe, na kichwani hakuwa na jambo ila hotuba yake. Alikerwa tu na kelele.

Boma la Nakaloke lilikuwa limejaa. Aliyempokea ni Mzee Geresom, baba mdogo wa Yekosofati na mkubwa wa ukoo, mtu mwenye shingo nene na kiu ya muda mrefu. Kiu yenyewe ilikuwa hii: mwaka wa themanini na mbili alimtaka Yekosofati aje akatwe, akajibiwa kuna vita. Themanini na nne, vita. Themanini na sita, vita tena. Ukoo mzima ulichekwa kwenye pombe kwa kufuga askari mwenye bunduki ambaye bado ni mtoto.

Rehemah alitoka nyumbani akapiga magoti kumwamkia baba yake. Alikuwa amenenepa. Magidu akamwitikia kwa kukohoa. Yekosofati alisimama pembeni na sare yake iliyopigwa pasi, sasa sajini, mvi mbili tatu juu ya masikio, akampa mkono bila kutabasamu.

"Mimi niliharibu kwa mdomo," Magidu alianza, kwa Kiswahili, maana Kisoga chake wasingekielewa. "Nimekuja kutengeneza kwa mkono." Akafungua kitambaa.

Mzee Geresom alikichukua kisu, akakigeuza, akapitisha kidole gumba upande huu, kisha upande ule.

"Makali mbili," alisema polepole. "Kama ya ngariba." Akakisogeza kwenye mwanga, akasoma herufi moja moja hadi mwisho, na uso wake ukafunguka wote. "Na jina lake iko! Wazee, mnaona? Hata mkwe Mwislamu amechoka kungoja! Mwaka huu huyu kijana hatoki!"

Vigelegele vilipasuka. Ngoma zilizokuwa barabarani zikaingia uani. Kabla Magidu hajafunga mdomo, wanaume sita walishamkamata Yekosofati, vifungo vya sare vinaruka, mama mmoja anakuja mbio na bakuli la unga, na mwingine anapiga kelele ngariba aitwe haraka.

"Siyo hicho!" Magidu alipiga kelele. "Wallahi siyo hicho! Ni cha kukatia nyama!"

"Ndiyo, nyama!" uani walimjibu, wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Yekosofati alimtazama mkwewe juu ya vichwa vya watu. Hakuwa na hasira usoni, na hilo lilimchoma Magidu vibaya zaidi. Ulikuwa uso wa mtu anayesema: nilijua tu. Mkono wa mtu ulikuwa tayari kwenye mkanda wa suruali.

"Mwacheni!" Ilikuwa sauti ya Rehemah. "Alishatahiriwa! Miaka saba sasa, hospitalini, Jinja! Mwacheni mume wangu!"

Mikono ikamwachia mmoja mmoja. Kisha Rehemah akamgeukia baba yake na kumwambia kwa Kisoga, ili wenyeji wasielewe: "Alikwenda kwa ajili yako, asikukute na la kusema. Siku uliyomwita bata alikuwa na siku tatu tu tangu akatwe. Alisimama mlangoni kwako na kidonda kibichi."

Miaka saba Magidu amewachekesha watu kwa mwendo ule.

"Hospitali?" Mzee Geresom alikuwa anasema. "Kitandani? Amelala kama mwanamke anazaa? Na sindano ya ganzi?" Akatema mate. "Afadhali tungemkuta mtoto. Huyu ni mwoga." Neno likaruka uani kutoka mdomo hadi mdomo, mwoga, mwoga, na mwanamume aliyetoka hai katika majeshi mawili akawa anaokota vifungo vyake chini. Rehemah hakulia. Alimtazama baba yake tu, na barua yake ilikuwa yote machoni.

"Mwoga ni mimi," alisema Magidu.

Wakamgeukia.

"Alitaka kungoja mwaka wenu asimame hapa mbele yenu. Aliniomba. Mimi nikamkatalia. Nilimwambia, leo hospitali au binti yangu humpati. Niliogopa akija huku mtamnywesha pombe, mtanichukulia mtoto. Ni roho yangu mbaya. Mtukaneni mwenye makosa."

Haya yote yalikuwa uongo, toka neno la kwanza, na kabla ya siku hiyo hakuwahi kutunga uongo uliomdhuru yeye mwenyewe. Mzee Geresom hakumwonea haya. Alimwita mfinyu wa akili, mfua makopo, mzee asiyejua kungoja mavuno ya watu. Alisema hata mbuzi wana adabu kwenye boma la mkwe. Matusi mengine yalikuwa mazuri sana, Magidu kwa ustadi wake aliyaona, na yote yalikuwa na majibu, yalimjaa mdomoni tayari. Akayameza moja moja. Mzee Geresom alipochoka alimkabidhi Yekosofati kisu, akasema basi, kama alilazimishwa na mtu wa namna hii, maskini angefanya nini? Na mzee wa Jinja atoke bomani kabla jua halijatua.

Rehemah alimsindikiza hadi lango, amembebea mfuko. "Mwezi ujao tutakuja Mafubira, sisi wote wawili," alisema. "Mwambie Mama." Akaushika mkono wa baba yake kwa mikono yake miwili, akauachia, akarudi ndani.

Yekosofati ndiye aliyemfikisha stendi. Walitembea mpaka ngoma zikabaki nyuma.

"Baba," alisema, "mimi sikukuomba tungoje."

"Najua. Si nilikuwepo?"

"Hujui." Aliangalia nyuma. "Kaka yangu nilimwona anakatwa, nikiwa na miaka kumi. Toka siku ile silali. Ndiyo maana nilikwenda jeshini. Hospitali ningekwenda tu, hata kama Rehemah asingekuwepo. Nililia daktari alipofungua kabati, Baba. Kabla hata hajatoa kitu."

Magidu alisimama barabarani. Hadithi ilikuwa hiyo, nzima, imewekwa mkononi mwake. Askari wa majeshi mawili analia mbele ya kabati! Mafubira ingeicheka miaka kumi.

"Rehemah anajua?"

"Anajua nilikwenda kwa ajili yake na wewe. Ndivyo nilivyomwambia siku ile, na akanifuata."

Gari la Mbale lilikuwa linaita abiria. Magidu alimtengeneza kola ya sare palipong'oka kifungo, akachukua mfuko wake.

"Basi ulikwenda kwa ajili yetu, afande," alisema. "Ndivyo ilivyokuwa, na ndivyo nitakavyomwambia mama yake."