Orodha Niliyojifanya Kuisoma

Mwaka 1947, mvua za kwanza zikiwa zimeanza, nami nikiwa na umri wa miaka ishirini na sita, nilimuua mume wa mtu kwa kidole mbele ya boma la Shinyanga, na kwa kuwa wapo ambao hadi leo hucheka wakiniona, ni afadhali niwasimulie mwenyewe.

Ilikuwa Jumapili, tarehe 9 Novemba, siku ya kuwakumbuka askari waliokufa vitani. Mume wangu, Masanja, alifia Burma. Barua ya kifo chake ninayo tangu 1944, na siku hiyo jina lake lilikuwa lisomwe hadharani. Nilifuatana na jirani yangu, Mama Kulwa, ambaye mumewe alikwenda vita hivyo hivyo na habari zake hazikuja, za uzima wala za kifo. Ubaoni tulikuta karatasi yenye majina mengi. Sikujua hata herufi moja (lakini nilikuwa nimevaa viatu, na mjane wa askari mwenye viatu hakubali kuonekana mjinga), basi nikapitisha kidole taratibu kutoka juu hadi chini.

"Umemwona wako?"

"Yupo."

"Na Baba Kulwa?"

Ningeweza kusema sijui. Lakini niliamini kwamba mtu aliyenyamaza miaka mitatu ameshakufa, nikarudisha kidole juu, nikasema, "Pole, mwenzangu."

Akakaa chini matopeni, akapiga yowe, wanawake wote wakaitikia, na kilio kikaimeza hata tarumbeta; jina la Masanja likasomwa nami nimemshika mwenzangu mabega, sikulisikia. Karani wa boma akaja mbio kuuliza nani katuambia. Nikaonyesha ubao.

"Mama," akasema, akitazama viatu vyangu, "hilo ni tangazo la chanjo ya sotoka. Hao ni wenye ng'ombe."

Msiba, hata hivyo, ulikuwa umetutangulia nyumbani. Shemeji yake Mama Kulwa, ndugu wa mumewe, alikwisha kuchinja fahali wa matanga, na wiki ya pili akaja kumrithi mjane kwa desturi yetu. Mama Kulwa akamfungia mlango.

"Shemeji," akasema yule bwana akiwa nje, "matanga tumeshakula. Unataka tuyatapike?"

Miezi minne sikutulia. Kila nikikaa nilisimama tena, nikaenda bomani mara nne kuuliza habari za Baba Kulwa, na mara nne nikaambiwa hakuna.

Jumamosi, tarehe 13 Machi 1948, shauri la Mama Kulwa na shemeji yake liliposikilizwa, nikasimama barazani kwa Mtemi, nikasema, "Sijui kusoma. Nilidanganya."

"Kumbe hata mimi mwenye ng'ombe nilikuwa marehemu," mzee mmoja akasema, baraza zima likacheka.

Mtemi hakucheka. Aliamua kwamba mpaka serikali ilete karatasi, Mama Kulwa ni mke wa mtu, na shemeji asikanyage kwake. Nikaapa moyoni kwamba nitasoma, hata kwa uzee, na kwamba sitatamka tena nisichokijua. Mama Kulwa alinikaribia tulipokuwa tukitoka.

"Wewe unayo barua, Mama Shija," akasema. "Mimi umenirudisha kungoja. Siku yangu ikija, nitatafuta mwingine wa kunisomea."