Mjane wa Bondeni Aliyelipia Baiskeli

Alamin alipofariki, majirani wa Bondeni walimshauri mkewe, Khamisa, auze baiskeli. Wanunuzi walikuja mmoja mmoja, wakainua gurudumu la mbele, wakalizungusha, wakasifu. Khamisa aliwapa chai na kuwaambia haiuzwi. Aliiegemeza ukutani, miguuni pa kitanda, na kila Ijumaa aliifuta lile vumbi jeupe la magadi ambalo wakati wa kiangazi upepo hulitoa ziwani na kulitia mpaka ndani ya masanduku ya nguo.

Hawakujaliwa mtoto. Alamin alikuwa mpakizi wa mizigo kwenye stoo ya reli, mtu mpole aliyependa kusimulia mambo ya kazini huku akila, hata chakula kikapoa. Khamisa alishona magunia katika ghala la mahindi, ng'ambo ya pili ya reli. Jioni moja ya Mei 1955, mvua ikinyesha, Alamin alikuwa akirudi nyumbani kwa ile barabara inayobanwa kati ya ukuta na mtaro kabla ya kuvuka reli. Lori la mbao kutoka Elburgon lilimpita karibu mno. Halikumgusa. Aliyumba tu, gurudumu likateleza kwenye ukingo wa lami, akaanguka mtaroni kwa kichwa. Aliyemtoa ni Kosgei, mwenzake wa kazi, aliyekuwa akiendesha nyuma yake. Dereva wa lori hakujua lolote, akaenda zake. Baiskeli haikupinda hata kidogo.

Mpaka arobaini nyumba ilikuwa imejaa watu. Hitma iliposomwa, mikeka ilikunjwa, masufuria ya kuazima yakarudishwa, na kila mtu akashika njia ya kwake. Dada yake Khamisa, Kuluthum, alikuwa ameolewa Kisumu, na alikuwa na watoto wengi. Alikaa siku chache zaidi, naye akapanda gari la moshi. Tangu hapo zilipita wiki ambazo neno pekee lililomtoka Khamisa kutwa nzima lilikuwa "ndiyo", akimwitikia nyapara wa ghala. Alianza kusema peke yake akipepeta mchele. Siku moja jirani alimsikia, akauliza ana mgeni gani. Khamisa aliona haya, akaacha.

Mwaka mpya ulipoingia alikwenda ofisi ya manispaa kulipia kodi ya baiskeli. Karani alitazama karatasi ya mwaka uliopita.

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Amefariki."

"Pole, mama. Basi huna haja ya kulipa. Baiskeli ikikaa ndani haidaiwi."

"Nataka kulipa."

"Ni wewe utaiendesha?"

"Andika jina langu," alisema Khamisa.

Karani alimtazama, akaandika. Akampa stakabadhi na kibati kipya cha kufunga kwenye fremu. Mwaka uliofuata alifanya hivyo hivyo. Hakumweleza mtu sababu, na pengine hata yeye mwenyewe hakuijua vizuri, isipokuwa kwamba asingependa baiskeli ya Alamin ionekane imeachwa.

Katikati ya mwaka 1957 tangazo lilibandikwa kwenye ukuta wa ukumbi wa mtaa. Manispaa ilikuwa imetenga fungu kutokana na kodi ya baiskeli, na ilitaka kusikia maoni ya wakazi kabla ya kulitumia. Yalikuwa mambo mawili: kujenga banda la kuegeshea baiskeli sokoni, au kutengeneza njia ya baiskeli kando ya barabara ya reli. Siku hizo za hali ya hatari mkutano wowote ulihitaji kibali, na watu walizoea kuamriwa, si kuulizwa. Kwa hiyo tangazo lilizungumzwa sana.

Khamisa alimngoja Kosgei nje ya stoo ya reli.

"Utakwenda kusema, shemeji?" alimwuliza. "Wewe uliona."

Kosgei alikuwa mtu mzima kutoka upande wa Keringet, mwenye watoto sita. Alitazama chini.

"Mimi naogopa, shemeji. Mzungu wa kazini atasikia. Nikisema barabara ni mbaya, ataona kama nalaumu wakubwa. Kipande changu cha kazi kikiandikwa vibaya, nitarudi nyumbani na nini?"

"Sikulaumu."

"Lakini nitakuja. Nitakaa."

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa wanaume. Khamisa alisimama nyuma karibu na mlango, buibui lake amelishika kidevuni. Mezani aliketi afisa wa manispaa, Mzungu mwenye daftari, na kando yake mzee Makokha, mjumbe wa baraza la ushauri la Waafrika, aliyeendesha mkutano na kutafsiri. Wachuuzi wa soko walikuwa wamejipanga. Walisema, mmoja baada ya mwingine, kwamba baiskeli huibwa wakati wateja wakinunua, na kwamba banda lingeleta biashara. Yalikuwa maneno ya kweli. Kuhusu njia, mtu mmoja tu alisimama. Alisema ni jambo zuri, akaketi. Afisa aliuliza, na Makokha akatafsiri, kama kuna shida hasa kwenye barabara hiyo, kwa sababu ofisini hakuna taarifa ya ajali.

Kosgei alikuwa mstari wa tatu. Khamisa aliiona shingo yake, haikugeuka.

Khamisa aliinua mkono.

"Mama, ngoja kidogo," Makokha alisema bila ukali. "Leo wanasema wenye baiskeli, wale wanaolipa kodi. Mambo ya akina mama yana siku yake."

"Mimi nina baiskeli."

Baadhi walicheka. Khamisa alipita katikati ya viti, akafungua pindo la leso alimofunga stakabadhi zake mbili, akaziweka mezani. Makokha alivaa miwani, akaisoma ya juu kwa sauti, pengine kwa mazoea tu: "Khamisa binti Shariff, Bondeni. Baiskeli ya mwanamume, moja." Kicheko kilikuwa kimekatika. "Sema, mama."

Alikuwa hajasema mbele ya watu maisha yake yote. Sauti ilianza chini sana, wakamwomba aipandishe.

"Mume wangu alianguka kwenye mtaro wa pale reli, mwaka juzi, akafa. Hamna taarifa kwa sababu hakugongwa na gari. Kwenye cheti cha hospitali waliandika ameanguka. Mimi napita hapo kila siku kwenda kushona magunia. Lori likija, wenye baiskeli hawana pa kwenda. Nimewaona wakishuka na kujibana ukutani. Banda la sokoni ni zuri, silipingi. Ila baiskeli ikiibwa, mwenyewe anarudi nyumbani kwa miguu."

Aliishia hapo. Makokha alichukua muda kutafsiri, na afisa akaandika. Kisha kutoka mstari wa tatu Kosgei alisimama, kofia mkononi.

"Ni kweli," alisema. "Mimi ndiye nilimtoa."

Mikono ilipohesabiwa, banda lilishinda. Lakini miezi michache baadaye vibarua walionekana pale reli na mapipa ya lami. Afisa alikuwa ameandika kwa wakubwa wake, nao wakakubali njia ijengwe pale palipobana tu, kutoka kona ya stoo hadi baada ya kuvuka. Mtaro ulifunikwa kwa saruji, mawe yaliyopakwa chokaa yakapangwa kuitenga njia na magari. Makokha alipita kwa Khamisa kumjulisha. Alisema jina lake limo kwenye kumbukumbu za mkutano. Khamisa alimshukuru, akamwekea chai. Mzee hakuwa na nafasi ya kuinywa.

Jambo moja hakulifikiria. Zamani, kwa kuogopa kona ile, wafanyakazi wengi wa reli walizunguka kwa uchochoro uliopita nyuma ya chumba chake. Kila jioni alisikia kengele zao na mazungumzo yaliyokatika katikati wakipita. Njia ilipofunguliwa hawakuwa tena na sababu ya kuzunguka. Uchochoro uliota nyasi.

"Mmenihama nyote kwa siku moja," alimwambia Kosgei walipokutana dukani.

Kosgei alicheka, kisha akaona kwamba Khamisa hacheki. Ijumaa ile alipita kumjulia hali, na Ijumaa iliyofuata pia, akaketi mlangoni, akamsimulia habari za stoo kama alivyofanya Alamin. Kabla ya Krismasi alihamishiwa stesheni ya Rongai. Alikuja kuaga na mkewe Chepkemboi, wakamletea kibuyu cha mursik, maziwa yao yanayogandishwa kwa unga wa mkaa.

Khamisa hakuwahi kunywa mursik. Walipoondoka alimimina kikombe, akaonja, akakunja uso kwa ule ukali na ladha ya mkaa. Alikaa na kikombe mkononi mpaka jua likashuka nyuma ya Mau, akinywa kidogo kidogo, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumwuliza kama ndivyo yanavyotakiwa kuwa.