Krismasi ya Yunifomu

Harufu ya pasi ya makaa ikipita juu ya kitambaa chenye unyevunyevu ilikuwa, kwetu watoto wa mtaa wa Umoja, harufu ya Jumapili jioni na shule kesho. Mimi niliinusa asubuhi ya Krismasi, nikiwa na miaka kumi, nikadhani mama amekosea siku. Nilitoka kitandani nikamkuta ameinama mezani, anainyoosha sketi yangu ya shule, rinda moja baada ya jingine, na shule zenyewe zilikuwa zimefungwa tangu Novemba. Nikamuuliza tunaenda wapi. Hakuinua macho. "Leo mtavaa yunifomu," akasema. "Watoto wote wa ploti."

Nilipigwa na butwaa. Krismasi yetu haikuwa ya zawadi wala mti wenye taa. Ilikuwa chapati na nguo mpya, basi. Ikifika saa nne asubuhi kila mtoto alitoka nje, tukazunguka geti hadi geti kuonyeshana, na aliyekuwa na ya mwaka jana alibaki ndani akijifanya mgonjwa. Na mimi yangu nilikuwa nayo! Mama alikuwa ameniletea kutoka maduka ya Eastleigh gauni la manjano lenye mkanda wa satini, nikalijaribu mara moja tu, likafungiwa kwenye sanduku chini ya kitanda. Nililia, nikatoa maneno ambayo siku nyingine yangeniletea kofi. Mama akaiweka pasi kando na kunieleza kwa sauti ya chini, maana kuta za ploti, vyumba vya kupanga vilivyoshikana kuzunguka ua mmoja, zilikuwa nyembamba. Baba yake Nekesa, rafiki yangu wa mlango wa tatu, alikuwa amepunguzwa kazini, na kwao hapakuwa na cha kununulia nguo. Akina mama wa milango minne walikuwa wamekutana kwenye kamba ya kuanikia wakakubaliana: mwaka huu hakuna mtoto atakayevaa kipya, wote watavaa kile ambacho kila mmoja anacho, na unga wa chapati utakandwa kwenye beseni moja. Hata Mama Zuhura, ambaye ni Mwislamu na Krismasi haimhusu, alikuwa amefua yunifomu za wanawe. Nekesa hakupewa sababu. Aliambiwa tu kwamba ploti imeamua hivyo.

Ningependa kuandika kwamba nilielewa. Sikuelewa hata kidogo. Niliona tu gauni langu linaozea sandukuni kwa sababu ya baba wa mtu mwingine. Mama alipotoka kwenda kuwasaidia wenzake kusukuma chapati uani, nililivuta sanduku, nikalivaa gauni, nikafunga mkanda nyuma kwa shida, na kupitia mlango wa nyuma ili angalau watoto wa geti la pili wanione. Dakika tano tu, nilijiambia, halafu nirudi. Sikufika mbali. Kwenye mfereji wa kuchotea maji alikuwa amesimama Nekesa, soksi zimevutwa hadi magotini, kola imenyooka, anacheka peke yake kwa furaha ya siku ambayo wote tungefanana. Aliponiona kicheko kikamkatika. Akasogea, akaushika mkanda wa satini kwa vidole viwili, akauachia.

"Kumbe ni sisi tu ndio hatuna," akasema.

Hakulia wala hakunigombeza, na afadhali angenipiga. Aliingia kwao akafunga mlango polepole. Mimi nilibaki pale mferejini na aibu ambayo mpaka leo ikinijia barabarani huwa nasimama. Mama alinikuta hapo. Alisubiri nibadilishe nguo, akanipa sahani ya chapati moto na kunituma mlango wa tatu. Mama yake Nekesa aliipokea, akanishukuru, akaniambia niwasalimie nyumbani. Nekesa hakutoka, siku hiyo wala iliyofuata, na Januari walifunga virago wakahamia ushago, kijijini kwao. Sijamwona tena.

Sasa naishi ghorofa ya nne, hapo hapo Umoja, mahali palipokuwa na ploti kama ile yetu. Madukani nyimbo za Krismasi huanza kabla hata watoto hawajafunga shule. Mwezi huu binti yangu alinionyesha kwenye simu orodha ya vitu anavyotaka, nikaivuta juu kwa kidole, nikavuta tena, haikuisha. Nilishtuka, lakini kilichonishtua zaidi ni jibu la swali nililomuuliza: katika ghorofa yetu, ni mtoto gani hatapata kitu? Hakujua. Nami, miaka sita nikiishi hapa, sikujua hata jina la mtoto mmoja. Akina mama wale wanne hawakuhitaji kuambiwa na mtu.

Kwa hiyo nikasema mwaka huu hatununui. "Mamii, uko serious?" binti akauliza, na uso wake ukanikumbusha wangu ule wa siku ya pasi. Asubuhi ya Krismasi tulikanda unga kwenye beseni, tukasukuma chapati mpaka mikono ikauma, nikapanga nane kwenye sahani, nikazifunika kwa kitambaa na kubisha mlango unaotazamana na wetu. Mwanamke aliyefungua aliuacha mnyororo mahali pake. Alichungulia, akaitazama sahani, akanitazama mimi.

"Unauza pesa ngapi?" akaniuliza.