Balbu, Redio, na Pikipiki Isiyotajwa

Pikipiki yangu ya umeme ndiyo iliyokuwa ikinywa umeme wa majirani. Leo naliandika hili kwa wepesi, kama mtu anayetaja urefu wake, lakini kwa karibu mwaka mzima nililikana mchana kweupe, kwa sauti kubwa ya kuvuka ukuta, na kila mara kwa maneno yaleyale: "Kwangu iko balbu tu na redio!"

Sina budi kueleza habari ya ukuta huo. Katika mtaa wetu hapa Kisangani nyumba nne tunaning'inia kwenye waya mmoja. Unatoka kwenye nguzo, unaingia kwanza kwa Papa, Mwislamu wa familia ya wafanyabiashara wa zamani, mwenye kanzu safi na subira fupi. Kwake, juu ya paa, unagawanyika kuja kwetu sisi watatu. Mita hakuna. Ankara ni moja, bei yake haibadiliki, tunaigawana sawasawa. Umeme ukilegea, unalegea kwa wote, na balbu zinageuka rangi ya mawese. Hapo Papa hutoka uani, hupiga rimu ya gari aliyoitundika kwenye ukuta, na kuuliza: "Nani anavuta?"

Kila nyumba hujibu ilichowasha. "Kwangu pasi, Papa, inabakia shati moja!" "Kwangu réchaud ya kupikia, nazima!" Hakuna anayekuja kukagua. Ingekuwa aibu kukagua, kama kumfunulia mgeni sufuria. Neno la mtu likishavuka ukuta, limepokelewa, na anayevuta hupunguza.

Pikipiki niliinunua kwa mfanyabiashara aliyeipandisha kutoka Kinshasa kwa boti, ikiwa na matope lakini bila mkwaruzo. Mimi ni mwanamke wa chuo kikuu, yaani mtu anayeweza kujidanganya na kuweka tanbihi. Kabla hata sijajua kupiga kona bila kushusha mguu, nilikuwa nimeandika makala ya kuonyesha kwamba kuichaji nyumbani hakugharimu kitu. Maji ya Tshopo, mto unaotupa umeme, yanaanguka yenyewe, nilisema, ankara haiongezeki, na petroli inayotufikia kwa mto imekwisha kupandishwa bei na kila mkono ulioigusa. Makala yalisifiwa. Mwanafunzi mmoja alipiga makofi, nadhani kwa sababu mtihani ulikuwa karibu.

Siku ya kwanza Papa alipopiga rimu baada ya pikipiki kufika, nilikuwa chumbani nikiitazama chaja ikipepesa taa yake ndogo. Nilifungua kinywa ili niseme. Kisha nikawaza: nikisema, wataniambia nizime, nikizima, kesho nitakwenda kazini kwa miguu, tena mbele ya wote waliosoma makala yangu. Nikasema balbu na redio. Redio ilikuwa kweli imewaka. Niliridhika na robo ile ya ukweli.

Tangu siku hiyo nikawa naifunika pikipiki kwa kitenge, kama mgonjwa.

Katika nyumba ya pili anakaa mama mmoja mzaliwa wa Yanonge, ambaye huuza mpiodi, wale samaki wa barafu wanaokuja katika makatoni. Friza yake ndiyo shamba lake na ndiyo karo ya watoto wake. Katika nyumba ya tatu yuko fundi wa kuchomelea milango ya chuma. Umeme ulipozidi kulegea, nani angemshuku mwalimu mwenye balbu na redio? Walimtazama fundi.

"Soudeur, mashini yako inakula courant ya batu!" mama alimpigia kelele alasiri moja kutoka uani kwake.

"Mama, mashini yangu iko Mangobo kwa rafiki, tangu juma lililopita. Labda inavuta kwa miguu!"

"Na ile mikono nyeusi inatoka wapi? Kwa kusali?"

Tulicheka nyumba zote nne, na fundi mwenyewe alicheka. Mimi peke yangu nilijua kwamba anasema kweli. Nilikuwa nimemwona asubuhi moja akiifunga mashine ile kwa mipira nyuma ya toleka, baiskeli yetu ya kubebea watu, akitembea kando yake na mkono juu yake kama anayesindikiza mzazi hospitalini. Aliihamisha ili friza ya mama ipone. Siku hiyohiyo ya kuihamisha, alasiri, balbu ziligeuka mawese kama kawaida. Niliondoa chaja ukutani. Baada ya muda mfupi mwanga ukarudi mweupe. Niliichomeka tena, ukashuka. Nilirudia mara tatu. Ulikuwa utafiti bora kuliko wote niliowahi kufanya, na sikuuchapisha.

Kisha friza ikafa. Umeme dhaifu huifanya mota ihangaike kuwaka, ingurume, ipate moto, hadi siku moja inyamaze. Mama alikuta maji mekundu sakafuni kabla ya saa sita mchana, na makatoni yakiwa laini. Hakulia. Alivunja meza ya zamani, akawasha moto, akaanza kukausha samaki kwa moshi kama wanavyofanya kwao mtoni. Sote tulikwenda kusaidia. Nilipasua samaki mpaka vidole vikafa ganzi, macho yakivuja machozi ambayo moshi uliyapa kisingizio kizuri. Jioni akanifungia samaki wawili katika jani.

"Kamata, Mama Prof. Weye hauna kosa, na umetumika kazi kupita bale bote."

Niliwapokea. Niliwala pia, ladha yao ilikuwa nzuri, na hilo ndilo linaloniudhi hadi leo.

Nimefikiri sana juu ya ile hesabu ya makala yangu. Kila tarakimu ilikuwa sahihi. Ankara kweli haikuongezeka. Lakini bei isiyobadilika haina maana kwamba kitu hakilipwi; ina maana kwamba anayelipa hapewi risiti. Nilikwenda kazini kila siku kimyakimya, bila moshi, nikisalimia watu, na safari hizo zilikuwa zikikatwa kidogokidogo kwenye barafu ya mwanamke anayeniita asiye na kosa.

Sheria ya waya wetu ni moja tu: anayevuta na kukana, anakatwa. Kesho yake, baada ya kukausha samaki, Papa aliita monteur, fundi wa nguzo, ili amkate yule wa milango ya chuma. Lakini kukata kunahitaji neno la kila nyumba, na mimi nilikuwa nimetoka mapema, kwa makusudi, kwa pikipiki. Nilikuwa kwenye ngazi za kitivo simu ilipolia.

"Mama Prof, monteur amekwisha kupanda paa yangu," alisema Papa. "Batu bote wamesema ndiyo. Inabakia weye."

Nyuma yake nilimsikia mama wa mpiodi akisema na mtu, na fundi wa milango akijibu: "Bon, bakate. Nitanunua mushumaa. Lakini Mungu anajua sikuvuta." Hakuwa na hasira. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kueleza.

"Alloo? Mama, uko?"

"Niko, Papa."

"Ndiyo ao hapana? Mutu iko juu, jua ni kali."

"Hapana," nikasema. "Si yeye. Ni pikipiki yangu. Naichaji chumbani."

Wanafunzi walinipita wakinisalimia, nikawaitikia kwa kichwa.

"Tangu wakati gani?"

"Tangu niliponunua."

"Na balbu na redio?"

"Nilikuwa nasema uongo, Papa."

Nilisikia akiondoa simu sikioni na kuwaambia waliokuwa pale, polepole, kila neno nililosema. Kicheko hakikuwako. Mama wa mpiodi aliuliza jambo, Papa akamjibu, "Ndiyo, yeye." Kisha akapaza sauti kuelekea juu: "Acha hiyo! Usikate hiyo!" Akarudi kwangu, kwa adabu yake yote ya siku zote.

"Mama, juu hapa kuko waya mingi. Ya kwako iko gani?"

"Ile ya kushoto, Papa," nikasema. "Yenye kitambaa cheusi."