Goli ya mu ukungu

Mimi niliyejenga manyumba tatu mu mutaa wa Mususa, kule mujini, bila diplome hata moja, nilizani hakuna tena kitu ya kunishangaza. Juzi nikamukuta Muhindo mu soko, amezeeka, anapima maharagi.

Muhindo alikuwaka gardien, mulinda goli wa timu yetu ya mupira, kule juu mulimani. Kule ukungu ulishuka muchana mpaka arbitre, mwamuzi wa mechi, hakuone tena miti ya goli. Njo maana baliweka mutoto nyuma ya goli, aseme kama mupira umeingia. Balisema mutoto hajue bongo, hajue kusema uongo. Siku ile mutoto alikuwa mimi, na baasi ba rébellion, benye bunduki, balitoa mbuzi moja ya zawadi kwa timu itakayoshinda.

Baridi iliniuma. Nikasikia harufu ya viazi vya kuchoma, nikaacha nafasi yangu. Mara sauti ya arbitre: "Mutoto, imeingia?" Sikuone kitu, kiazi iko mu kinywa. Nilizani goli inafurahisha batu bote, donc nikaita: "Imeingia!"

Muhindo alilia: "Hapana! Nimeukamata, uko mu mikono!" Hakuna aliyemuamini; tukapoteza mechi na mbuzi. Balisema aliuzisha mechi, mpaka akahama kijiji.

Mu soko nilimuambia ukweli, nikamupa dolari mia tano. Akazirudisha.

"Eh, patron, feza yako ikaye mu mufuko. Twende kule juu, ubaambie wewe mwenyewe."

Nilipanda moto, ile pikipiki ya kukodi, nyuma yake, macho chini kwa haya. Motari, mwenye kuiendesha, alitubeba bawili kwa franka elfu makumi mbili na tano, kama dolari kumi tu.