Ganda la Sentimita Tatu

Rugemalira ni fundi wa matangi ya maji. Hapa Maruku tulimwita Fundi Ganda, kwa sababu kuta zake hazizidi unene wa sentimita tatu. Mimi nimemchanganyia saruji miaka kumi na miwili. Husuka nondo nyembamba, akazungushia wavu wa kuku tabaka mbili, kisha tunapiga lipu ndani na nje, basi. Wapita njia walicheka, naye aliwaeleza bila kuchoka kwamba maji yanausukuma ukuta kwenda nje. Zege tupu huvumilia kubebeshwa, ila likivutwa linapasuka, na wavu ndio unaolishikilia. Matangi yake yote ya wavu, hadi Muleba, hayajavuja.

Ndipo mama mkwe wake, Ma Kokuhirwa, mjane anayeishi Kitendaguro, aliyekuwa akiteka maji kwenye chemchemi ya bondeni, akamwomba amjengee tangi kama lile ganda alilojenga parokiani.

Rugemalira akaingiwa na haya. Kwetu mkwe hapelekewi kitu chepesi. Hata mkungu wa ndizi unachagua ule unaokuvunja mgongo. Angesimamaje mbele ya mashemeji na ganda lake? Akaamua kumwaga zege la unene wa shubiri nzima, bila wavu hata kipande. Nilijua anakosea. Naye alijua, maana siku ile hakunitazama usoni. Nikanyamaza, nikaendelea kukoroga, na hilo sijisamehe.

Mashemeji walilisifu sana. Mvua zikalijaza, na kabla ya Krismasi ufa ukashuka kutoka juu hadi chini. Tuliuziba mara tatu, ukafunguka mara tatu. Ma Kokuhirwa hakulalamika, asije akamwaibisha mkwe wake. Alirudi kimya kimya chemchemini. Mwezi wa Aprili akateleza na ndoo yake, nyonga ikavunjika.

Tulibomoa zege lile, tukajenga tangi la wavu. Lilipojaa, Rugemalira alimpelekea kikombe cha kwanza kitandani, akapiga magoti.

"Mama, nisamehe," alisema. "Nilitaka kukuheshimu."

Ma Kokuhirwa alikunywa taratibu, akamrudishia kikombe.

"Waitu, mwanangu, mimi nilikuomba lile jembamba."

Tangi halivuji hata tone. Bomba lake liko hatua sita kutoka mlangoni kwa Ma Kokuhirwa, na hajawahi kuzitembea.